Nimeumia shambani, nani analipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bima na kumbukumbu za ajali za kilimo

Ukurasa huu ni wa wenye mashamba, wasimamizi, vibarua na familia zao. Maswali mengi huanza na bima na kuishia kwenye daftari, kwa sababu jeraha lisiloandikwa ni gumu kulipwa, na lisipolipwa kwa kawaida halihesabiwi popote. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Hapa tumeandika yale yanayofanana karibu kila mahali, na palipo na tofauti kubwa tumesema.

Nina bima ya mazao. Haitoshi?

Haitoshi. Bima ya mazao hulipa mvua ikikosekana au wadudu wakivamia, kutegemea mkataba. Mtu akikatwa na mashine katika shamba hilohilo, bima hiyo haina habari naye. Bima ya mifugo vilevile: ng'ombe akifa unalipwa, ng'ombe akimpiga teke mkamuaji hulipwi.

Basi ni bima zipi zinazomhusu mtu aliyeumia?

Ya kwanza na ya msingi ni fidia kwa wafanyakazi. Mwajiri anachangia mfuko wa umma au ananunua bima kwa kampuni, na mfanyakazi akiumia kazini analipiwa matibabu, sehemu ya mshahara, ulemavu ukibaki, na mazishi na matunzo ya wategemezi akifariki. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaweka kima cha chini: mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda, mwenye mke na watoto wawili, apate angalau asilimia 60 ya kipato chake. Nchi nyingi hazijauridhia, ila asilimia hiyo ni kipimo kizuri unaposoma masharti ya mfuko wako.

Ya pili ni bima ya dhima ya mwajiri. Hii humlinda mwenye shamba akishtakiwa kwamba uzembe wake ndio uliosababisha ajali. Wengi huichanganya na ile ya kwanza. Tofauti yake ni kubwa: katika fidia mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mtu, katika dhima analazimika.

Ya tatu ni bima ya ajali binafsi, ambayo mtu hujinunulia mwenyewe na hulipa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Bima ya afya nayo hulipa hospitali tu, hailipi siku ulizolala nyumbani bila ujira. Na baadhi ya bima za afya hukataa kabisa majeraha ya kazini, zikisema hayo ni ya mwajiri. Soma sehemu ya yasiyokingwa kabla hujasaini. Ndiyo sehemu inayochapishwa kwa herufi ndogo, na ndiyo yenye mambo.

Kibarua wa siku mbili naye anahesabika?

Anapaswa kuhesabika. Hoja hii ni ya zamani: tangu mwaka 1921, kwa mkataba namba 12, Shirika la Kazi Duniani lilizitaka nchi zipeleke sheria za fidia kwa wafanyakazi wote wa ujira wa mashambani, kwa kuwa sheria nyingi za wakati ule ziliwatazama wa viwandani tu. Miaka 80 baadaye, mwaka 2001, mkataba namba 184 wa usalama na afya katika kilimo ukasema kinga ya wakulima walioajiriwa isiwe chini ya ile ya sekta nyingine, na kwamba wa msimu na wa muda walindwe kiusalama sawa na wa kudumu wanaofanya kazi kama yao.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Ukweli wa shambani ni kwamba kibarua huletwa na mnyapara asubuhi, hana mkataba, analipwa kwa kipande jioni, na jina lake halipo popote. Akiumia saa tano, mnyapara anasema si mtu wake, mwenye shamba anasema muulizeni mnyapara. Dawa ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: orodha ya mahudhurio kila asubuhi, yenye jina, namba ya simu, kazi anayofanya na ujira uliokubaliwa. Orodha hiyo moja inajibu swali la kwanza la kila mlipaji fidia: je, mtu huyu alikuwa kazini kwako siku ile?

Ujira nao uandikwe kwa ukweli. Fidia hukokotolewa kutoka kwenye kipato. Mwajiri anayeandika nusu ya ujira ili apunguze michango anamkata kibarua mara mbili, kwa sababu siku ya ajali atalipwa sehemu tu ya nusu hiyo.

Mimi ndiye mwenye shamba, na ninafanya kazi na mke wangu na watoto. Nani anatulipia sisi?

Hapa ndipo penye pengo kubwa kuliko yote. Mifuko mingi ya fidia imejengwa juu ya neno "mwajiriwa", na wewe hujaajiriwa na mtu. Zipo nchi zilizoliona hili mapema. Ujerumani ilipeleka bima ya ajali kwenye kilimo mwaka 1886, na leo mfumo wake unamkinga mkulima mwenyewe na mwenzi wake. Ufini imekuwa na bima ya lazima ya ajali kwa wakulima tangu mwaka 1982. Kwingineko unaweza kuruhusiwa kujiunga kwa hiari, au usiruhusiwe kabisa, ukabaki na bima ya ajali binafsi au mfuko wa chama cha ushirika.

Uliza mfuko wako maswali mawili kwa maandishi: je, mwenye shamba anaweza kujisajili? Je, ndugu anayefanya kazi bila mshahara anatambuliwa? Majibu ya mdomo hayatakusaidia baadaye.

Kuhusu watoto: mkataba namba 184 unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za kilimo zenye hatari. Mtoto wa miaka 13 aliyepewa trekta aendeshe, hata liwe la baba yake, ni mtu ambaye huenda hana bima yoyote inayomtambua.

Jirani alikuja kunisaidia tu, hakulipwa. Akaumia.

Swali gumu. Baadhi ya mifumo humchukulia msaidizi kama mfanyakazi kwa muda ule, mingine inamwona mgeni tu aliyeingia shambani, na hapo bima ya dhima kwa watu wa nje ndiyo itakayotazamwa. Mwingize kwenye orodha ya asubuhi hata kama hana ujira.

Aliumia kwa uzembe wake mwenyewe. Bado analipwa?

Mara nyingi ndiyo. Fidia kwa wafanyakazi ilibuniwa ili watu waache kubishana nani mwenye kosa. Kinachoulizwa ni kama ajali ilitokana na kazi au ilitokea akiwa kazini. Vighairi vya kawaida ni kujidhuru kwa makusudi na ulevi, na kwa ulevi, mwenye kudai mtu alikuwa amelewa ndiye mara nyingi anayetakiwa kuleta ushahidi. Kusahau glovu hakumfanyi mtu akose haki yake.

Tuna la kuongeza hapa. "Uzembe" ni neno linaloandikwa haraka mno kwenye fomu za ajali, na likishaandikwa uchunguzi huishia hapohapo. Shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye trekta hadi mashine ya nyuma, ile mafundi wanayoiita PTO, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikikamata ncha ya shati, mtu hana muda wa kuwa mzembe wala makini. Swali la maana ni kwa nini shafti ilikuwa wazi, na kifuniko chake kiling'olewa lini na nani.

Alikuwa amepanda kwenye trela akirudi nyumbani. Hiyo ni ajali ya kazi?

Inategemea mambo mawili. Kwanza, kama sheria ya nchi inahesabu ajali ya njiani kuwa ajali ya kazi. Pili, kama usafiri ulikuwa wa mwajiri. Usafiri ukiwa wa mwajiri, hoja yako ina nguvu zaidi.

Usitegemee bima ya chombo peke yake. Bima nyingi za trekta hulipa madhara kwa watu wengine barabarani, na hazimkingi aliyepanda mahali pasipo na kiti. Trela na kifuniko cha gurudumu la trekta ni mahali pasipo na kiti.

Ugonjwa unahesabika, au ni majeraha tu?

Unahesabika, lakini ndipo madai mengi yanapokwama, kwa sababu ugonjwa hauna saa wala shahidi. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, na nchi nyingi zina orodha yao. Kwa mkulima ya kuangalia ni sumu ya viatilifu, magonjwa yanayotoka kwa wanyama kama bruselosisi na leptospirosisi, mapafu yanayoharibiwa na vumbi la nyasi zilizoota ukungu, uziwi wa kelele za mashine, na magonjwa ya ngozi.

Tuchukue viatilifu. Dawa za jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi. Mtu anatoka jasho na mate, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inarukaruka, kifua kinabana. Dalili huweza kuanza ndani ya dakika chache au kuchelewa hadi siku nzima, na mtu akifika hospitali bila maelezo anaweza kutibiwa malaria au tumbo. Kipimo cha damu cha kolinesterasi kipo. Shida ni kwamba kiwango cha kawaida hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo kipimo cha baada ya ajali peke yake huacha mlango wa ubishi wazi. Mpulizaji aliyepimwa kabla ya msimu kuanza ana namba ya kulinganishia. Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote ambavyo mwenye shamba anaweza kulipia, kwa afya na kwa madai.

Kwenda hospitali, beba lebo ya dawa au piga picha yake. Jina la kiambato ndilo analohitaji daktari, wala si rangi ya chupa. Chupa yenyewe usiibebe ndani ya gari ikiwa inavuja.

Kuumwa na nyoka je?

Ukiumwa ukiwa kazini, ni ajali ya kazi. Wengi hawaripoti kwa sababu wanaona ni bahati mbaya ya porini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kati ya vifo 81,000 na 138,000 vya nyoka kila mwaka duniani, na wakulima ni miongoni mwa wanaoumwa zaidi. Andika saa, mahali na sehemu ya mwili. Usimfukuze nyoka ili upate ushahidi.

Mtu ameumia sasa hivi. Nianzie wapi?

Zima mashine, toa funguo, kisha msaidie. Kama ameanguka ndani ya ghala la nafaka, shimo la samadi au tangi, usiingie kumfuata bila vifaa vya hewa na mtu wa kukuvuta. Gesi ya shimo la samadi humwangusha mwokoaji kwa njia ileile iliyomwangusha wa kwanza, ndiyo maana ajali hizo huua wawili watatu kwa pamoja.

Akifikishwa hospitali, kuna sentensi moja ambayo lazima isemwe na iandikwe kwenye cheti: "Ameumia kazini, shambani, kwa kitu fulani." Hospitali zinazotumia orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, zina namba ya mashine za kilimo, W30, namba ya nyoka wenye sumu, X20, na ya sumu za viatilifu, T60. Usiposema, utaandikiwa "kidonda mkononi", na kidonda mkononi kinaweza kutoka jikoni. Mfuko utauliza, na cheti kitakuwa kimekaa kimya.

Kisha toa taarifa kwa mfuko au kampuni. Muda wa mwisho umeandikwa kwenye sheria au mkataba, mahali pengine ni siku chache tu. Usingoje mgonjwa apone.

Niandike nini kwenye daftari?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na watu pia. Angalia mistari hii miwili.

Wa kwanza: "Tarehe 14, kibarua aliumia mkono na mashine."

Wa pili: "Tarehe 14 Machi, saa 8:20 mchana, mashine ya kukatia majani karibu na zizi. Alikuwa akisukuma majani yaliyokwama kwa mkono wa kulia, injini ikiwaka. Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, vimekatika kwenye pingili ya juu. Kifuniko cha mdomo wa mashine kilikuwa kimefunguliwa tangu asubuhi. Mashahidi wawili, majina na simu ukurasa wa nyuma. Amefungwa jeraha 8:30, amefika hospitali 9:15."

Mstari wa pili umechukua dakika tatu kuandika. Mlipaji anapata saa na mashahidi. Mkadiriaji wa ulemavu anapata mkono upi na pingili ipi, maana jedwali la ulemavu hutoa asilimia tofauti kwa kila kidole na kila kiungo. Fundi anapata kifuniko. Mstari wa kwanza haumpi mtu yeyote chochote.

Kurasa ziwe na namba, zisichanwe. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na usaini. Aliyeumia asomewe maneno hayo na aweke sahihi au dole gumba. Akikataa maelezo yako, andika ya kwake chini yake.

Hata mchubuko niandike?

Andika. Pepopunda huingia kwa kitundu cha msumari, na dalili zake kwa kawaida huja kati ya siku 3 na 21 baadaye. Mtu akikakamaa taya wiki ya pili, mstari mmoja wa siku ile ndio utakaounganisha mambo. Nusura nazo ziandikwe: trekta lililonyanyuka magurudumu ya mbele kwenye mteremko likarudi chini salama limekupa onyo bure.

Siku zilizopotea zinahesabiwaje?

Kwa miongozo ya kimataifa ya takwimu ya mwaka 1998, unaanza siku inayofuata siku ya ajali, na unahesabu siku za kalenda, Jumapili zikiwemo. Kifo huhesabiwa kuwa cha ajali hiyo kikitokea ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo usifunge ukurasa mtu akitoka hospitali. Kwa malipo, fuata hesabu ya mfuko wako, ambayo inaweza kuwa tofauti.

Nitajuaje kama shamba langu ni hatari kuliko lingine?

Usilinganishe idadi ya ajali, linganisha ajali kwa saa za kazi. Tuseme shamba moja lina vibarua 40 wa mavuno, siku 30, saa 8 kwa siku: saa 9,600. Lingine lina wafanyakazi 10 wa kudumu, siku 250, saa 8 kwa siku: saa 20,000. Yote mawili yamepata majeruhi 3. Gawanya majeruhi kwa saa, zidisha kwa milioni moja: la kwanza 312.5, la pili 150. Ajali ni tatu kwa tatu, ila la kwanza lina hatari zaidi ya mara mbili. Na kwa namba ndogo kiasi hiki, mtu mmoja akiteleza hesabu yote hubadilika, kwa hiyo tazama miaka kadhaa kwa pamoja.

Takwimu za serikali zinaaminika?

Kwa kilimo, zichukulie kuwa sakafu, si dari. Shirika la Kazi Duniani huweka kilimo, pamoja na ujenzi na uchimbaji madini, kati ya sekta tatu zenye hatari zaidi, lakini ukisoma takwimu za madai unaweza kudhani mashambani hakuna kitu. Hata Marekani, yenye mifumo mikubwa ya kuhesabu, utafiti wa serikali wa majeraha kazini huyaacha nje mashamba yenye waajiriwa wasiofika 11, pamoja na wakulima waliojiajiri. Watafiti wa huko walikadiria mwaka 2014 kwamba hesabu hiyo ilikosa zaidi ya robo tatu ya majeraha na magonjwa ya kilimo. Kinachobaki nje ndicho mashamba mengi ya dunia yalivyo: madogo na ya familia.

Nikiripoti kila kitu, michango yangu itapanda?

Pengine. Mifuko mingine hupandisha kiwango kwa mwajiri mwenye madai mengi, mingine ina kiwango kimoja kwa sekta nzima. Uliza. Lakini kuficha kuna bei yake pia: faini, na mfuko kudai urejeshe ulicholipiwa, au kesi ya madai ambapo daftari tupu linasomwa kuwa dalili ya kuficha.

Na tafadhali, zile zawadi za "mwezi bila ajali" ziacheni. Huwafunza watu kufunga kidonda kwa kitambaa na kunyamaza. Zawadieni aliyetoa taarifa ya kifuniko kilicholegea.

Dai langu limekataliwa. Ndiyo basi?

Bado. Omba sababu kwa maandishi. Sababu nyingi ni za karatasi: taarifa ilichelewa, cheti hakikutaja kazi, jina halikuwa kwenye orodha ya waajiriwa. Cheti kinaweza kuongezewa maelezo na daktari aliyekutibu, na ajira inaweza kuthibitishwa kwa ujumbe wa malipo ya simu au kwa mashahidi mliokuwa mstari mmoja. Kisha kata rufaa ndani ya muda uliotajwa kwenye barua. Chama cha wafanyakazi au ofisi ya msaada wa kisheria wakikusaidia kuandika, bora zaidi.

Daftari au simu?

Kile utakachokitumia kweli. Simu ni nzuri kwa picha zenye tarehe, daftari halihitaji chaji. Majibu ya vipimo vya mtu yasitumwe kwenye kundi la wafanyakazi.

Kumbukumbu nizitunze miaka mingapi?

Sheria itakupa kima cha chini. Sisi tunashauri uvuke hapo, hasa kwa orodha za wapulizaji dawa, majina ya viatilifu vilivyotumika na vipimo vya damu na masikio, kwa sababu mapafu na masikio huharibika polepole na dai huweza kuja mtu akiwa ameshaondoka zamani. Ukiuza shamba, usiyaache madaftari kwenye stoo ya mnunuzi. Yakabidhi kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, ubaki na nakala, na mpe kila mfanyakazi nakala ya kurasa zinazomhusu yeye.